Kitakasa Mikono cha Ng'ombe

Mwaka 2020, wiki chache baada ya Shirika la Afya Duniani kutangaza tarehe 11 Machi kwamba UVIKO-19 umekuwa janga la dunia, familia yangu iliingia katika kilimo, na kilichotusukuma hakikuwa njaa bali uchovu wa kutazamana nyuso sebuleni. Shule zilikuwa zimefungwa karibu kila mahali, wanafunzi zaidi ya bilioni moja walikuwa majumbani, na mmoja wao, ambaye ni mwanangu wa kiume, alijiteua kuwa bwana shamba wa familia bila ya kupigiwa kura. Alipanga miche ya nyanya nyuma ya jiko katika makopo yaliyokatwa vichwa, akaloweka samadi ya ng'ombe ndani ya ndoo, akaifunika kwa gunia, na kila asubuhi alikuwa akiikoroga kwa fimbo huku akitueleza, tena wakati wa kifungua kinywa, kwamba chai ya samadi ikishachujwa na kuzimuliwa hunyunyiziwa majani na miche hunenepa. Mama yake alikuwa na idara yake ndogo, nayo ni kupambana na vidukari kwa maji ya sabuni yaliyokaa katika chupa ya kijani ya kupulizia.

Mimi nilikuwa waziri wa mambo ya nje. Kwa kuwa tulikubaliana kwamba mtu mmoja tu atoke, safari zote za benki, duka la dawa na duka la pembejeo zilikuwa zangu, na nilizifanya kwa uzito unaostahili: barakoa ya vitambaa vitatu iliyodondoshewa mafuta ya mkaratusi, miwani, na chupa nyeupe ya kitakasa mikono mfukoni. Aliyewahi kuvaa miwani pamoja na barakoa anaijua adha yake. Pumzi hupenya juu ya pua, hugota kwenye vioo vilivyo baridi, na dunia yote hugeuka ukungu, kiasi kwamba unamwamkia mtu kwa heshima zote kisha unagundua kuwa ni nguzo.

Nje ya benki palikuwa na foleni ndefu ya watu waliosimama juani, kila mmoja ndani ya duara lake lililochorwa kwa rangi. Mbele yangu alikuwa mzee mmoja, nikamwamkia, akaitikia. Niliposhika reli ya mlangoni nilitoa chupa yangu mara moja, nikajipulizia viganja, nikasugua mpaka katikati ya vidole kama tulivyofundishwa. Mzee akageuka.

“Mwanangu, nigawie na mimi hiyo dawa.”

“Bila wasiwasi, mzee wangu,” nikasema, nikampulizia kwa ukarimu, viganja na migongo ya mikono, hata nikamwongezea.

Muda si muda foleni ikaanza kuhangaika. Mama aliyekuwa nyuma yangu alihama duara lake na kwenda kusimama katika duara la mtu mwingine, jambo ambalo siku zile lilikuwa karibu na kosa la jinai. Mtu akauliza kama choo cha benki kimepasuka. Mlinzi akaja akikunja uso hadi juu ya barakoa, akanusa kulia, akanusa kushoto, kisha akasimama mbele yangu.

“Mzee, wewe husikii harufu hii?”

Nikavuta pumzi kwa nguvu. Mkaratusi mtupu. “Mimi sisikii harufu yoyote,” nikajibu, tena kwa sauti, kwa fahari ya mtu msafi.

Laiti ningenyamaza. Wakati ule hata watoto wadogo walikuwa wanajua kwamba kupotewa na uwezo wa kunusa ni mojawapo ya dalili za UVIKO-19, na jibu langu lilisambaa katika foleni kwa kasi kuliko tangazo lolote la serikali. Waliokuwa na umbali wa mita moja walitafuta tatu. Mlinzi alirudi nyuma, akanyoosha mkono mpaka mwisho wake, akanielekezea kipimajoto kwenye paji la uso lililokuwa limechomwa na jua tangu asubuhi, na chombo kikasoma 37.8. Hapo na mimi nikaanza kujisikia vibaya: koo likakauka, magoti yakalegea, nikakumbuka kwamba usiku uliopita nilikohoa, ingawa nilikohoa kwa sababu ya pilipili. Nilikuwa nimeshafika kwenye kuwaza ni nani atakayemalizia deni la friji.

Aliyeniokoa ni yule mzee. Alishusha barakoa yake hadi kidevuni, akaleta viganja puani, akanusa taratibu, mara ya kwanza na ya pili, akayafumba macho.

“Hii ni samadi ya ng'ombe,” akatamka. “Na bado haijaiva. Ungeiacha wiki moja zaidi.”

Nikavua miwani, nikatazama viganja vyangu, na kweli vilikuwa vya kahawia, na kwenye kidole cha shahada kilikuwa kimenasa kipande cha nyasi kilichokwisha kutafunwa. Mlinzi alitupeleka wote wawili kwenye ndoo ya maji tiririka, akatusimamia tunawe kwa sabuni sekunde 20, kisha akaamuru tunawe tena. Baada ya hapo tulihudumiwa kabla ya wote, kwa kuwa hakuna aliyekuwa tayari kutupanga katikati yake, na muda wote huo mzee alinishauri kuhusu uwiano wa samadi na maji. Duka la dawa na la pembejeo niliyamaliza mbiombio.

Nyumbani bwana shamba hakuona ajabu yoyote. Kichwa cha chupa ya kijani kilikuwa kimezibwa na makapi ya samadi, akaeleza, ndipo akaihamishia chai yake iliyochujwa katika chupa nyeupe yenye kichwa kizuri, na ili kitakasa mikono kisimwagike bure akakimimina katika ile ya kijani baada ya kuizibua kwa sindano. Alikuwa hata amebandika karatasi ya tahadhari. Aliibandika chini ya kitako cha chupa, ili isiloane.

“Ile ya kijani?” mke wangu akauliza kutoka jikoni. “Si ndiyo niliyopulizia miche yote mchana?”

Tukatoka nje sote. Spiriti ya kitakasa mikono hukausha majani upesi, tena mchana wa jua kali, na nyanya zetu zilikuwa zimelala juu ya kingo za makopo, majani yakiwa meupe na yamejikunja. Mke wangu aliinama, akageuza jani moja baada ya jingine akilichunguza upande wa chini, kisha akasema kwa sauti ya mtu aliyetimiza wajibu wake kwamba hakubaki hata kidukari mmoja.