Msiwalaumu Warundi: Jinsi Tusker Project Fame Ilivyopoteza Watazamaji

Tusker Project Fame, yale mashindano ya kuimba ya televisheni ya Afrika Mashariki, ikitajwa katika maongezi hapa Kisumu, hukumu hutolewa kabla chai haijapoa. Ilikufa, watu husema, kwa sababu watazamaji waliacha kupigia kura sauti wakaanza kupigia bendera. Mkenya alimpigia Mkenya, Mganda akampigia Mganda mwenzake, mwenye kipawa akafungishwa virago, na sisi tuliokuwa tukitazama tukachoka na mchezo huo. Hoja hii nimeisikia kwa kinyozi, nimeisikia ndani ya matatu ya Kondele, mtaa wa mji huu, na juzi nikaisikia tena kwa mwalimu wa kwaya ninayemheshimu sana. Yeye ndiye aliyenifanya niketi niandike, maana nilipofika nyumbani nikaichukua orodha ya washindi na kuitazama upya, hesabu ya mwalimu haikuingia.

Orodha yenyewe ni fupi. Valerie Kimani wa Kenya alishinda mwaka 2006. Esther Nabaasa wa Uganda akashinda 2008, Alpha Rwirangira wa Rwanda 2009, Davis Ntare, Mganda tena, 2010. Ruth Matete alirudisha taji Kenya 2012, na 2013 likaenda Burundi kwa Hope Irakoze. Msimu wa saba haukuja.

Sasa zilete sensa za miaka ile. Kenya ilihesabu watu milioni 38.6 mwaka 2009. Tanzania ilikuwa na milioni 44.9 mwaka 2012, na Uganda milioni 34.6 mwaka 2014. Rwanda ilikuwa na milioni 10.5 mwaka 2012, Burundi milioni 8 hivi mwaka 2008. Ukizijumlisha nchi hizo tano, Rwanda na Burundi kwa pamoja ni kama watu 14 katika kila 100. Lakini katika mataji sita, mawili yalikwenda huko. Tanzania, iliyowazidi wote kwa idadi, haikuambulia hata moja. Kama kweli kila mtu alikuwa akipigia bendera yake, Burundi ilimshindaje Mkenya katika kipindi kilichopewa jina la bia ya Kenya, tena mwaka mmoja tu baada ya Ruth kushinda?

Mwalimu wangu alikuwa na jibu, nami sitalificha, kwa sababu si jibu baya. Alisema nchi ndogo huwa na mshiriki mmoja au wawili, kwa hiyo kura zao zote huingia kapu moja, hali Kenya ilipeleka washiriki kadhaa na kura zetu zikagawanyika. Tena Mnyarwanda na Mrundi wanaelewana lugha. Mmoja akishatolewa, mwingine anaweza kurithi kura zake. Nakubali. Ila tazama alichokifanya hapo: ameigeuza hoja yake mwenyewe. Alianza kwa kusema kwamba wengi waliwameza wachache, akaishia kusema kwamba wengi hugawanyika na wachache hushikana. Hilo la pili si ugonjwa wa kipindi cha televisheni. Sisi wa kando ya ziwa hili tumelisikia kila baada ya miaka mitano tangu tukiwa watoto, na hatujawahi kuzima televisheni siku ya kutangaza matokeo.

Kuna jambo jingine ambalo wanaoilaumu kura ya bendera hawalipimi. Msimu wa pili ulikuja mwaka 2008. Januari ya mwaka huo, katika ghasia za baada ya uchaguzi, maduka ya katikati ya mji huu yalikuwa yamechomwa na kuporwa, na kulikuwa na majirani waliokuwa wamefunga nyumba na kuondoka. Miezi kadhaa baadaye tulikuwa tukikaa katika hoteli moja ya Kondele, televisheni imewekwa juu ya friji ya soda, tukitazama akina nani wamewekwa kwenye probesheni, yaani hatarini kutolewa, wiki hiyo. Watu waliokuwa hawasalimiani walichangishana shilingi kumi kumi ili inunuliwe kadi ya muda wa maongezi, na mama mwenye hoteli ndiye aliyetuma meseji, kwa sababu hakuna mwingine aliyeaminika kuishika simu. Tuliyempigia kura alikuwa Mkenya tu. Jina lake la pili, lile linaloonyesha kabila, halikuulizwa, na katika mwaka ule hilo halikuwa jambo dogo. Meseji za kura zilikuwa ghali kuliko meseji za kawaida, na bado watu walitoa. Ukiniambia leo kwamba bendera ilikiua kipindi, nitakuuliza kama uliwahi kuketi mahali kama pale. Nionavyo mimi, bendera ndiyo iliyokifanya kipindi cha kuimba kikatazamwa na watu wasiojali kuimba, pamoja na yule kijana wa mkokoteni ambaye hadi leo hajui noti ni nini.

Basi kwa nini hoteli ile ilipunguza wateja wa Jumapili usiku? Maana ilipunguza, nililiona kwa macho yangu. Msimu wa 2013 ulipofika tulikuwa watu wanane au tisa, na wawili kati yetu walikuwa wakisubiri mechi ianze.

Wakosoaji wana hoja yenye uzito zaidi ya ile ya bendera, na ningependa waishike hiyo. Akademi, yaani nyumba ambamo washiriki walikaa na kufunzwa, ilifundisha kuimba nyimbo za watu wengine, na nyingi zilikuwa za Kiingereza. Wiki baada ya wiki mshiriki alipewa wimbo wa msanii wa Marekani, akaufanyia mazoezi na walimu, kisha akasimama mbele ya majaji Ian Mbugua, Juliana Kanyomozi na Hermes Joachim aambiwe kama alifikia noti au aliikosa. Ian alipendwa na kuchukiwa kwa ukali wake, na mimi nilimpenda, kwa sababu alikuwa hodari wa kumwambia mtu ukweli bila kumpaka mafuta. Lakini wakati huohuo, ukitoka pale hotelini na kutembea hatua mia mbili, ulikutana na ohangla, muziki wa ngoma wa Waluo. Tony Nyadundo alikuwa akijaza kumbi, na hapakuwa na matanga ya maana yaliyokosa ngoma hiyo. Muziki uliokuwa ukichezwa na ule uliokuwa ukishindaniwa kwenye televisheni haikujuana hata kwa salamu.

Na hapo ndipo ninapodhani Tanzania iliumia. Peter Msechu alifika wa pili mwaka 2010, na hakuna aliyemsikia anayeweza kusema sauti haikuwapo. Mtanzania aliingia katika mashindano yenye kipimo cha Kiingereza ilhali muziki wa kwao ulikuwa umekwisha kusimama juu ya Kiswahili na kuuza mpaka kwetu. Kwa hiyo idadi ya watu wake haikumfaa kitu. Bongo Star Search, mashindano ya Tanzania peke yake na kwa lugha yake, yalikuwa na mapumziko na matatizo yake, lakini yaliendelea kurudi miaka mingi baada ya yetu kunyamaza, na wasanii kama Walter Chilambo, mshindi wa 2012, wakatoka humo.

Mshindi alipotoka Akademi, basi, mkononi mwake alikuwa na hundi. Ruth Matete alipata shilingi milioni 5. Wimbo wa kwake mwenyewe, ule ambao sisi tuliomtumia meseji tungeudai redioni Jumatatu asubuhi, haukuwapo bado. Miezi miwili mitatu ya kuzoeana na mtu iliishia hewani. Ndipo watu wakaanza kusema kwamba washindi wa Project Fame hupotea, na maneno hayo yakishaingia mjini hayatoki.

Lakini hata hapa nina wasiwasi na hukumu ya haraka, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba kipimo chenyewe kimepinda. Tunahesabu washindi tu. Amos na Josh walikuwa washiriki wa 2013, hawakushinda, wakaungana wakawa wawili wanaoimba pamoja, na nyimbo zao zikapigwa katika kila harusi niliyohudhuria mwaka uliofuata. Msechu naye hakushinda, ila muziki ulimpa kazi na jina. Shule haihukumiwi kwa mwanafunzi wa kwanza peke yake, na Akademi ile ilikuwa shule kweli. Vijana wa kanda hii walifundishwa kupumua, kusimama jukwaani na kushika maikrofoni katika miaka ambayo masomo hayo hayakuwa yakipatikana bure kwenye simu.

Sababu ya pili ni nzito zaidi. Afrika Magharibi walikuwa na Project Fame yao, iliyodhaminiwa na kampuni ya simu ya MTN. Mshindi wa kwanza, mwaka 2008, alikuwa Iyanya. Mwaka 2010 alishinda Chidinma. Hao walikuwa nyota kamili, nyimbo zao zikapigwa mpaka kwenye matatu za hapa Kisumu. Kama kipindi hufa kwa sababu washindi wake hupotea, kile cha Magharibi kingekuwa hai mpaka leo. Hakiko. Msimu wake wa mwisho ulikuwa wa 2016, miaka mitatu tu baada ya wetu. Kipindi kimoja kilitoa nyota, kingine kikasemwa hakikutoa, na vyote viwili viliishia karibu pamoja. Kwa hiyo lazima kuna kitu kingine vilichofanana, na kitu hicho kinaonekana katika majina yake. Kila kimoja kilibeba jina la kampuni moja iliyokilipia.

Kipindi cha namna hiyo ni ghali mno. Unalisha na kulaza vijana kwa wiki nyingi, unaajiri walimu na bendi, unakodi jukwaa na mitambo, unasafiri mpaka Kampala, Kigali na Dar es Salaam kusaka sauti. Meseji za watazamaji haziwezi kubeba gharama hiyo. Siku mdhamini anapoamua kwamba fedha hizo zitauza zaidi mahali pengine, hakuna mwingine wa kushika usukani, kwani jina lenyewe ni lake.

Wengine humtaja Mututho hapa. John Mututho, aliyekuwa mbunge wa Naivasha, ndiye aliyeleta sheria ya vileo ya 2010 iliyozuia baa kufunguliwa kabla ya saa kumi na moja jioni siku za kazi na kubana utangazaji wa pombe. Ni maelezo matamu, hasa kwa wenzetu wa Nakuru wanaopenda kumkumbuka mtu wao. Tarehe zinayakataa. Baada ya sheria hiyo misimu miwili kamili ilifanyika, na mmoja wao ndio uliompa Ruth taji. Sheria huenda iliyatia mashindano hayo baridi; kuyaua haikuyaua. Kuzimwa kwa mitambo ya analojia nako kulikuja Februari 2015, vituo vikubwa vilipokaa hewani patupu karibu wiki tatu na kila nyumba ikaanza kutafuta king'amuzi. Hilo halielezi kwa nini tulikuwa watu wanane mwaka 2013. Linaeleza kwa nini haikuwa rahisi kurudi baadaye. Televisheni moja juu ya friji, iliyokuwa na chaneli tano, sasa ilikuwa na chaneli hamsini, na wanane wale kila mmoja alikuwa na simu yake.

Mimi naona dalili mahali ambapo wapenzi wa muziki hawatazami. Mwaka 2017 kampuni hiyohiyo ya bia iliyokidhamini kipindi ilitangaza kujenga kiwanda hapa Kisumu kwa shilingi bilioni 15, kwa ajili ya bia ya keg, ile ya mtu wa kipato cha chini. Sitasema fedha za jukwaa ndizo zilizojenga matangi. Nasema tu kwamba mfanyabiashara alikuwa amemtambua mnywaji wake ni nani na anaketi wapi, na mnywaji huyo hakuhitaji kuimbiwa kwa Kiingereza Jumapili usiku ili anunue kikombe.

Pia ratiba iliwakosea watazamaji. Hakukuwa na msimu 2007. Mwaka 2011 kukaja All Stars, mashindano ya washiriki wa misimu iliyopita, badala ya msimu wa kawaida. Kipindi cha namna hii huishi kwa mazoea, kama misa ya kwanza. Ukiikosa Jumapili tatu, ya nne huamki. Kila kilipopumzika, sehemu ya wateja wa ile hoteli walipata jambo jingine la kufanya, na waliorudi hawakuwa wote walioondoka.

Kwamba hamu yenyewe ilikuwapo, East Africa's Got Talent, mashindano mengine ya vipaji ya televisheni, ilituonyesha mwaka 2019. Ndugu wawili watoto kutoka Uganda, Esther na Ezekiel, walichukua dola 50,000, na hapa Kisumu watu walishangilia Waganda bila kinyongo chochote. Gaetano Kagwa alikuwa kati ya majaji, Anne Kansiime akiwa mwendeshaji. Nilirudi Kondele kuitazama fainali. Mama mwenye hoteli alikuwa amekwisha kumwachia binti yake biashara, friji ni mpya, televisheni imetundikwa ukutani, na meza nne za mbele zilikuwa zimejaa. Watoto wale walipotajwa, bwana mmoja nyuma yangu, ambaye kabla ya hapo alikuwa akiteta kuhusu Waganda na bei ya samaki, aliruka akamwaga chai.

Kisha likaja janga la 2020, na msimu wa pili haukufanyika. Hapo hata mwalimu wangu wa kwaya hakuweza kuwalaumu Warundi.