Mshenga wa Nusu Sahani

Kabla hamjaendelea kusambaza ile sauti ya mshenga aliyeaibika kwenye posa Mbagala, inayozunguka kwenye magrupu tangu Jumamosi, nisikilizeni na mimi niliyeivaa ile suruali. Aliyerekodi ni rafiki yangu tuliyecheza naye chandimu Tabata, na alikuwepo, siwezi kukataa. Ila pale anaposema nilizimia kwa njaa ni uongo mtupu. Sikuzimia. Ningezimia ingekuwa afadhali, maana aliyezimia hufunikwa kanga haraka.

Mnaonifuata humu mnaijua habari yangu ya kurahisisha maisha. Nilianza na vitu: sabufa ikaenda, king'amuzi kikaenda kwa dada, kochi la kutupia nguo nalo likaenda. Halafu nikageukia sahani. Sikujiunga na gym, sikununua ile chai ya kukata mafuta inayouzwa kwenye foleni Ubungo, sikuacha ugali. Nilipunguza tu. Nusu ya nilichokuwa nakula, basi, na chipsi mayai za saa nne usiku tukaagana. Mjomba wangu mwenye madrasa akasema ananisomea hadithi hiyo tangu nikiwa mtoto: theluthi ya tumbo chakula, theluthi maji, theluthi pumzi. Kwa maoni yake theluthi yangu ya pumzi nilikuwa nimewapangisha chapati.

Njaa haikunisumbua sana. Kilichonisumbua ni Dar es Salaam. Mji huu mtu hapungui kwa hiari yake. Ukipungua una moja kati ya matatu: unaumwa, umefulia, au umeachwa. Mama ntilie wangu wa Buguruni, siku nilipomwambia anipakulie nusu, alisimamisha upawa hewani akaninong'oneza, "Kaka, kama hela hamna sema tu, nitaandika." Kesho yake vijana wote wa bodaboda pale kijiweni walishajua kwamba nimepunguzwa kazi, na mmoja akanipeleka mpaka ofisini bure. Nilipanda. Nauli nayo ni sehemu ya kurahisisha maisha.

Mlioniuliza kwa siri kama kuna dawa, hakuna. Gramu ya mafuta ina kalori 9, ya wanga ina 4, na kijiko kikubwa cha mafuta ya kupikia kinakaribia kalori 120. Sasa lifikirieni lile karai la chipsi. Tena msidanganywe na mizani ya wiki za mwanzo: wanga tunaoutunza kwenye ini na misuli hukaa na maji, gramu moja kwa gramu tatu hivi, kwa hiyo kinachokimbia mwanzoni ni maji mengi kuliko mafuta. Na huwezi kuuchagulia mwili pa kuyatoa mafuta. Mimi nilitaka litoke tumbo. Tumbo likabaki linatafakari, kalio likahama. Kijana wa mizani pale Mnazi Mmoja, kilo zilipotoka 98 zikafika 81, aliniangalia kwa nyuma akasema, "Pole, mzee." Hii habari ya kalio ishikeni.

Basi posa. Jamaa yangu mmoja anayetaka kuoa alinichagua mshenga kwa sababu, kwa maneno yake, nina sura ya mtu anayelipa madeni. Suruali yangu ya heshima ni ile nyeusi iliyoshonwa enzi za kilo 98. Mkanda ni wa Kariakoo, wa ngozi ya mnyama ambaye hajawahi kuishi, na kila nilipopungua nilikuwa nachoma tundu jipya kwa msumari wa moto. Matundu yalishakaribiana mno. Asubuhi ile nikaona kiuno bado kinacheza, nikawaza: vaa bukta ndani, ijaze nafasi. Bukta iliyokuwa safi ilikuwa ya Yanga. Hesabu ilikuwa nzuri, isipokuwa kwamba kitambaa cha jezi kinateleza.

Tumefika Mbagala Rangi Tatu, tumevua viatu mlangoni, nainua macho ukutani: kalenda ya Simba. Juu ya runinga, skafu ya Simba. Baba wa binti amekaa na kanzu yake nyeupe, na shingoni inachungulia kola nyekundu. Nikamnong'oneza rafiki yangu, "Hawa ni Msimbazi." Akanijibu, "Kwani umekuja kucheza mpira?"

Tukakaa mkekani. Barua iko kwenye sinia dogo, imefungwa na hela zake ndani ya kitambaa cheupe, na sinia la posa hubebwa kwa mikono miwili. Hakuna mshenga wa mkono mmoja. Baba mdogo wa binti, ambaye ndiye msemaji wao, akasema, "Haya mshenga, tuletee ulichotumwa." Nikainuka.

Kuinuka kutoka mkekani ukiwa na sinia mikononi ni lazima usukume tumbo mbele. Nikasukuma. Nikasikia tap. Matundu mawili ya msumari yalikuwa yameungana. Tap nyingine, la tatu likajiunga. Mkanda wangu ulikatika kwa awamu, nami nasikiliza kila awamu.

Bado nilikuwa na nafasi ya kujiokoa: mzee apokee, nirudi nikae, yaishe. Baba mdogo akasimama. Akanyoosha mikono kupokea. Kisha akairudisha. "Kabla sijapokea," akasema, "ni vizuri wageni wetu wajue wanaoa wapi."

Akaanzia Rufiji. Akamleta babu yao, akawaleta kaka zake babu, kila mmoja na shamba lake la mikorosho. Suruali ikiwa imejishikiza kwenye mfupa wa nyonga ya kulia, nikatanua miguu kidogo kuizuia. Shangazi mmoja akakohoa, maana kutanua miguu mbele ya wakwe si adabu. Nikabana magoti. Kubana magoti kukanifanya niiname. Bibi wa binti akawaambia wenzake, na hili nililisikia vizuri kabisa, "Mwoneni mshenga alivyo na heshima." Baba mdogo kusikia vile akapata moyo, akaongeza ukoo wa upande wa mama.

Babu yao alipofika katikati ya mto Rufiji na mtumbwi, suruali ilivuka nyonga. Palitakiwa kalio. Kalio halikuwepo. Nilihisi kitambaa kinateleza juu ya bukta, sentimita kwa sentimita, nami siwezi kuachia sinia, kwa sababu barua ya posa ikianguka chini wazee wataikumbuka kila ndoa ile itakapotikisika. Nikaendelea kutikisa kichwa nikisema, "Naam, mzee. Naam." Suruali ikashuka kama bendera ya serikali saa kumi na mbili jioni, taratibu, na watu wote wakiwa kimya.

Ikatua kwenye vifundo vya miguu. Nikabaki na shati la mikono mirefu, tai, sinia la posa, na kijani na njano. Pajani kuna namba. Jamani, namba sikuichagua mimi, ndiyo niliyoikuta kwenye meza ya muuzaji. Ilikuwa 5.

Katoto kalikokuwa kanachungulia mlangoni kakapiga kelele, "Babu! Yanga!"

Kwa mliosahau: tarehe 5 Novemba 2023, Uwanja wa Mkapa, Simba 1, Yanga 5. Yule mzee hakuwa amesahau. Aliitazama bukta. Akaitazama namba. Akavua miwani, akaifuta kwa kanzu, akaivaa, akaitazama namba tena. Ndipo akasema, pole pole kabisa, "Mshenga. Umekuja kuposa, au umekuja kutukumbusha?"

Na sinia bado ninalo! Hapa ndipo ninapotaka mnielewe. Hakuna aliyelipokea. Baba mdogo alikuwa ameshakaa chini anafuta machozi, babu yake kamwacha kulekule mtoni. Mashangazi wamejifunika kanga nyuso, mabega yanatikisika. Rafiki yangu, ambaye kazi yake pale ilikuwa kunisaidia, simu ilishakuwa mkononi. Nikasema yale maneno ambayo wengine wenu mmeshayafanya mlio wa simu: "Wazee wangu, pokeeni basi nivae!"

Aliyepokea ni bibi. Akaliweka sinia chini, akavua kanga yake ya juu, akanizungushia kiunoni, akapiga fundo. Kanga ilikuwa imeandikwa LISEMWALO LIPO, kwa hiyo zile picha mnazorushiana zina maelezo yake tayari. Nikamwambia, "Ahsante, bibi." Akanishika mbavu, upande huu, upande ule, akamgeukia mzee: "Huyu mtoto anaumwa."

Bukta niliivumilia. Hili liliniuma. Kilo 17 nilizokuwa naringia, na yeye anaona mgonjwa. Nikasema, "Siumwi bibi, nimepunguza kula." Akanipigapiga mkono. "Ndivyo wanavyosemaga, mwanangu."

Yaliyofuata ni mafupi. Barua ikapokelewa, nikamaliza ushenga nikiwa na kanga, suruali nimeikunja pembeni yangu. Pilau likaja. Bibi akakaa ubavuni kwangu akihesabu matonge, na kila nikipunguza kasi anauliza kama nimeshapima. Nilikula sahani nzima, kisha nyingine. Nimeondoka na hotipoti ya kwenda nayo nyumbani, ambayo nimeimaliza pia, na yeyote atakayeniuliza kuhusu uzito wiki hii namfuta humu.

Jana majibu ya posa yametoka. Wamekubali. Orodha imeandikwa kwa mkono, vizuri sana, mistari imenyooka: mahari, mkaja wa mama, kilemba cha baba, blanketi la bibi. Chini kabisa, kwa mwandiko wa mtu mwingine, wameongeza: "Mkanda wa mshenga, mmoja, imara, rangi nyekundu."

Mwoaji anasema hicho kipengele hakimhusu, nijitegemee. Leo nimezunguka Kariakoo toka asubuhi. Mikanda myekundu ipo mingi tu. Yote ya kike.