Nikikupa Bunduki, Zizi Langu Atalilinda Nani?

Mzee aliyeniuliza swali hilo alikuwa ameketi juu ya ekicholong, kile kigoda kidogo cha mbao ambacho wazee wa Karamoja, nchi ya wafugaji kaskazini-mashariki mwa Uganda, hutembea nacho mkononi, kando ya soko la ng'ombe la Naitakwae, nje kidogo ya Moroto. Kiswahili chake kilikuwa cha maneno mafupi, karibu yote ya amri: leta, toa, kaa chini, ng'ombe wapi. Nikamwuliza, "Mzee, Kiswahili umejifunzia wapi?" Akanijibu bila kunitazama, "Kwa askari, mwanangu. Hapa Kiswahili kilikuja na watafuta bunduki."

Nafundisha Kiswahili Mbale. Miaka yote nimewaambia wanafunzi wangu kwamba hii ni lugha ya soko, ya safari, ya ujirani. Jibu la yule mzee lilinichoma, maana operesheni ya jeshi ya kukusanya bunduki iliyoanza Karamoja Julai 2021 ilipewa jina la Kiswahili sanifu kabisa: Usalama kwa Wote. Kila nikilisikia jina hilo huganda kwenye neno la mwisho. Wote ni akina nani? Je, yumo na yule aliyekwisha kutoa bunduki yake?

Niseme mapema nilikotoka. Upande wa mama yangu ni Wateso wa Katakwi, majirani wa Karamoja. Mjomba wangu alilala na ng'ombe akaamka na kamba. Kwa Mteso ng'ombe ni karo ya shule, ni plau ya kulimia, ni mahari ya kijana. Akichukuliwa ng'ombe, mwaka mzima wa familia umechukuliwa. Nilikua nikisikia nyumbani kwamba Mkaramojong akinyang'anywa bunduki dunia itatulia, na sitamlaumu aliyesema hivyo. Hadi leo nataka bunduki zile ziondoke, kila moja. Ugomvi wangu ni jinsi tunavyoziondoa, kwa sababu tumeziondoa mara mbili tayari na mara mbili zimerudi.

Bunduki nyingi za Karamoja zilitoka mikononi mwa dola yenyewe. Mwaka 1979, askari wa Idi Amin walipokimbia kambi ya Moroto, Wamatheniko, mojawapo ya jamii za Wakaramojong, waliingia ghalani na kujibebea. Nyingine ziliingia kwa njia ya mipaka, Sudan na Kenya, zikinunuliwa kwa ng'ombe. Tangu hapo bunduki ikawa kitu cha uchumi. Mwenye nayo huweza kupeleka mifugo mbali, kwenye majani mabichi na maji ya kiangazi. Asiye nayo hubaki karibu na manyatta, ambako nyasi zimekwisha. Ng'ombe ndiye benki, ndiye maziwa ya watoto, ndiye mke wa kijana. Na bunduki ndiyo kufuli ya benki hiyo. Mtu akikwambia uvunje kufuli yako mwenyewe, utamwuliza nani analala mlangoni usiku.

Hapo ndipo hesabu inapokuwa mbaya. Ukikusanya bunduki 9 kati ya 10 kijijini, ile ya kumi haipungui thamani. Inapanda. Jana ilikuwa moja kati ya 10. Leo ni mfalme. Aliyeificha anatajirika kwa uaminifu wa jirani zake. Upokonyaji wa nusu nusu huwaadhibu wanaotii na kuwazawadia wakaidi, na kila mchungaji analijua hilo hata kama hajaingia darasani siku moja.

Tuliliona kwa macho. Desemba 2001 serikali ilianza kukusanya kwa hiari. Atakayeleta bunduki aliahidiwa plau, mabati, na cheti. Wengi walileta; bunduki zipatazo 10,000 zilipatikana, na katika walioitikia kwa wingi walikuwemo Wabokora, watu wa eneo ambalo leo ni wilaya ya Napak. Machi 2002 jeshi likaanzisha vita vikubwa dhidi ya waasi wa Joseph Kony ndani ya Sudan, na askari waliokuwa wakilinda Karamoja wakahamishiwa huko. Wabokora wakabaki na vyeti vyao. Majirani waliokuwa na silaha bado, wakiwemo Wajie wa Kotido, waliwavamia na kuchukua mifugo. Wakati ukitembea Kampala na kumwona mama wa Kikaramojong na mtoto mgongoni akiomba sarafu kwenye taa za barabarani, mara nyingi sana atakuwa ametoka Napak. Sababu ni nyingi, ukame na njaa zikiwemo, lakini mimi siwezi kuutenganisha umaskini ule na ahadi ile iliyovunjwa. Watu walitoa ulinzi wao kwa dola, dola ikaenda kufanya kazi nyingine.

Waliobaki na ng'ombe wakajifunza: nunua tena.

Mwaka 2006 jeshi lilirudi kwa njia ya kuzingira na kupekua. Kijiji kinazungukwa alfajiri, wanaume wanatolewa, na mateso yaliyofuata kwenye baadhi ya kambi yaliandikwa na Umoja wa Mataifa. Kisha likaja wazo la mazizi ya jeshi: ng'ombe wote walale kando ya kambi, askari wawalinde. Kwa mtu wa mjini wazo hilo lina mantiki. Mfugaji aliona kingine. Maelfu ya ng'ombe mahali pamoja humaliza majani kwa siku chache, ugonjwa ukiingia hauna pa kusimama, na askari ndiye anayepanga saa ya kutoka na saa ya kurudi. Maziwa yakawa kambini, watoto wakawa nyumbani. Hata hivyo, ilipofika mwanzoni mwa miaka ya 2010 Karamoja ilitulia kweli. Niliweza kupanda basi kwenda Moroto bila mama kunisomea dua mlangoni. Utulivu ule ulidumu hadi mwaka 2019, uvamizi ulipoanza upya.

Wapo wanaosema dawa ni pesa: mlipe kijana, ataacha. Nigeria walijaribu. Katika Delta ya Mto Niger vijana walikuwa wakilipua mabomba ya mafuta na kuteka wafanyakazi, na mwaka 2009 Rais Umaru Yar'Adua alitangaza msamaha. Watu wapatao 30,000 waliandikishwa, kila mmoja akilipwa naira 65,000 kwa mwezi, kiasi kilichozidi mara kadhaa kima cha chini cha mshahara wakati ule. Mafuta yalitoka tena, na serikali ikapata fedha zake. Lakini mvuvi ambaye mto wake ulijaa mafuta machafu, na ambaye hakuwahi kushika bunduki, hakuwa na daftari la kuandikwa. Kijana wa mtaa ule alijifunza somo gani? Mwaka 2016 bajeti ya mpango ule ilipopunguzwa, likaibuka kundi jipya na mabomba yakalipuka tena. Mwaka 2022 kampuni inayohusishwa na kamanda wa zamani wa wapiganaji wale, Tompolo, ikapewa mkataba wa kulinda mabomba hayo hayo. Uchafu wa mito uko palepale.

Ukiziweka Delta na Karamoja pamoja, utaona kosa ni moja lililovaa nguo mbili. Kule aliyekuwa na bunduki alipata kuliko asiyekuwa nayo. Huku aliyesalimisha alipoteza kuliko aliyeficha. Pande zote mbili kilichohesabiwa ni chuma. Hakuna aliyehesabu ng'ombe wangapi wamelala salama usiku, wala samaki wangapi wamerudi mtoni.

Na sisi Uganda tuna kumbukumbu yetu ya vita vya kaskazini. Sheria ya Msamaha ya mwaka 2000 iliwarudisha nyumbani zaidi ya watu 26,000 kutoka makundi mbalimbali ya waasi, na naiheshimu kwa hilo, kwa sababu wengi walikuwa watoto waliotekwa. Mfuko wa kuanzia maisha ulikuwa shilingi 263,000, godoro, blanketi, jembe, mbegu. Jirani aliyekaa miaka katika kambi za wakimbizi wa ndani hakupata hata hilo godoro. Sijawahi kusikia mtu wa Gulu akilalamika kwamba msamaha ulitolewa. Nimesikia wengi wakiuliza kwa nini wao hawakuonekana.

Sasa Karamoja imeongezewa jambo jingine, nalo ni mawe. Rupa, kilomita chache kutoka Moroto, kuna marumaru na mawe ya chokaa. Kuna dhahabu Amudat na Kaabong pia. Vijana waliokuwa karachuna, wapiganaji wa mazizi, leo wanapasua mawe juani pamoja na mama zao na kupakia malori yanayoshuka kuelekea Tororo na Kampala. Machi 2022 wanajiolojia 3 waliokuwa wakipima madini, pamoja na askari waliowasindikiza, waliuawa karibu na mpaka wa Kenya. Ni mauaji ya kulaaniwa, na familia zao zilistahili haki. Mwaka uliofuata Rais Museveni aliwapa wafugaji wa Kiturukana kutoka Kenya, walioshukiwa kwa mauaji hayo, miezi 6 wasalimishe bunduki na wauaji, la sivyo waondoke nchini.

Sisemi kwamba bunduki zinakusanywa ili migodi ifunguliwe. Nasema mfugaji anaona wanaume wawili wakifika kwa mwezi mmoja, wa kwanza anachukua bunduki, wa pili anapima ardhi, na hakuna anayemweleza kitu. Chini ya sheria ya madini ya 2003 mwenye ardhi alitengewa asilimia 3 ya mrabaha, yaani ada anayolipa mchimbaji kwa madini anayoyatoa. Sheria ya 2022 ikapandisha hadi 5. Lakini mwenye ardhi ni nani pale Rupa? Malisho ni ya ukoo mzima, hayana hati. Sheria ya Ardhi ya 1998 inaruhusu watu wa aina hiyo kuunda chama cha ardhi ya pamoja na kuandikishwa. Ningependa kuona serikali ikituma Karamoja maafisa wa ardhi kwa bidii ileile inayotumia kutuma magari ya deraya. Kijana mwenye fungu linalojulikana kwenye lile lori la marumaru ana kitu cha kupoteza.

Halafu mabati. Waganda wote tunakumbuka mwaka 2023. Yalinunuliwa kwa ajili ya watu wa Karamoja, wakiwemo vijana waliokuwa wameacha uvamizi, na yakakutwa kwa wakubwa. Mawaziri 3 walifikishwa mahakamani. Mmoja wao, aliyekuwa waziri mdogo wa Karamoja, alipatikana na hatia mwaka 2025 na kuhukumiwa miaka 4. Magazeti yaliandika sana juu ya gharama ya mabati. Gharama ninayoilia mimi ni nyingine. Bati lile lilikuwa malipo. Kijana alikuwa ametimiza upande wake wa mapatano, na bidhaa aliyoahidiwa ikaezeka banda la mtu mwingine. Ukimwendea tena na karatasi ya mapatano mengine, atakukodolea macho.

Nirudi kwa yule mzee, kwa kuwa swali lake lina jibu na jibu limo katika sheria za kwao. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 wazee na viongozi wa wilaya walikubaliana juu ya Azimio la Nabilatuk. Walioiba ng'ombe 10 walirudisha 20 na mmoja juu yake. Sheria ile ilikuwa kali, na ililaumiwa kwa kuwa ng'ombe wa fidia walichukuliwa hata kwenye zizi la asiyeiba. Lakini ilikuwa na kitu ambacho operesheni zetu hazijawahi kuwa nacho: aliyeibiwa alijua atapata nini na kutoka kwa nani.

Basi dola nayo iingie ndani ya azimio. Cheti cha kusalimisha bunduki kiwe bima. Mtu mwenye cheti akivamiwa, ng'ombe wake arudishwe na serikali ndani ya muda uliotajwa, kisha serikali ndiyo ihangaike kumtafuta mwizi. Wataniambia udanganyifu utakuwa mwingi. Wazee wa akiriket, baraza lao la kimila, wanamjua kila ng'ombe kwa rangi na pembe na mama yake. Wakikaa pamoja na daktari wa mifugo kama mashahidi, mwongo hatafika mbali. Wataniambia ni ghali. Ni ghali, na ndiyo maana naitaka. Siku hazina italipa kwa kila zizi linalovunjwa, wakubwa wataanza kuuliza kwa nini kambi iko kilomita 30 kutoka kisimani. Leo uvamizi unamgharimu aliyevamiwa peke yake.

Nilimweleza mzee wazo hili, kwa Kiswahili changu cha darasani, polepole. Alisikiliza hadi mwisho. Akauliza kama cheti chake cha mwaka 2002 bado kinahesabika, maana anacho, amekitia kwenye mfuko wa nailoni, na ng'ombe walioondoka mwaka ule anaweza kunitajia mmoja mmoja. Akaanza kuwataja.

Desemba kiangazi kitakapoingia, wafugaji watashuka tena upande wa Katakwi na Abim kutafuta maji, wengi wao mikono mitupu. Watapita karibu na boma la mjomba wangu. Mimi nitauliza askari wa Usalama kwa Wote wamelala wapi wiki hizo: kambini, au kwenye visima pamoja na mifugo.