Litie Upepo

Mkwe wangu si mwanamke wa kulalamika, na ndiyo maana nilishtuka Jumamosi ile, tulipokwisha kuvuka daraja la Nyali tukielekea harusini Mji wa Kale, kumsikia akisema kwa sauti ya upole kupita kiasi, "Mwanangu, nisimamishie hapo mbele niteremke, nitapanda tuktuk." Alikuwa kiti cha nyuma, ameipakata hotipoti ya mbaazi za nazi, na kila gurudumu lilipokanyaga kiraka cha lami kifuniko kiliinuka kidogo, kikatema tui, kisha kikajifunga tena kama chaza. Buibui lake lilikuwa limeingia madoa kuanzia magotini hadi chini. Mke wangu, aliyekaa kando yake, alinitazama kupitia kile kioo cha ndani, na mtazamo wenyewe sitaueleza.

Aibu ilinizidi kwa sababu gari hilo nililinunua kwa ajili ya ulaini wake. Ni gari la Kiingereza la mwaka 2006, refu, pana, lililopitia mikono miwili kabla ya yangu, na halina springi za chuma hata moja. Mahali pa springi pana mifuko minne ya mpira, mmoja kila pembe, ambayo mafundi wetu huiita mabaluni. Kompresa ndogo huijaza hewa, vali huigawa hewa hiyo, na kila pembe ina sensa yenye mkono mwembamba inayoiarifu kompyuta kwamba gari limeinuka kiasi gani. Ukibonyeza kitufe, gari hushuka kiasi cha sentimita tano ili wazee wapande bila taabu. Jioni ya kwanza nilipolifikisha nyumbani Kisauni nililishusha na kulipandisha mara nne mbele ya majirani, na hapakuwa na mtu aliyekuwa akipanda wala akiteremka.

Baada ya miezi kadhaa lilianza kulala. Nililiacha usiku likiwa limesimama wima, na asubuhi nikalikuta limekaa kitako, nyuma chini mbele juu, na baadhi ya siku limelala lote. Hili la kulala lote lina sababu yake: gari la namna hii likiegeshwa huamka lenyewe baada ya saa kadhaa, hupima pembe zake, na likiona moja imeshuka huzishusha nyingine zilingane nayo, kwa hiyo mfuko mmoja unaovuja huwavuta wenzake wote chini. Hata hivyo, ukiliwasha lilinguruma, likajikongoja, likawa limenyooka kabla hujamaliza kufunga mkanda. Sikuliona kuwa jambo la kumpelekea fundi. Mimi mwenyewe siku hizi siamki nikanyooka papo hapo.

Kwa kuwa mimi huenda kazini bandarini kwa matatu, siku za kazi gari huendeshwa na mpwa wangu, ambaye humpeleka mke wangu sokoni Kongowea alfajiri. Nilimpa agizo moja tu, tena kwa msisitizo: "Ukilikuta limelala nyuma, usiliondoe mpaka ulitie upepo." Maana yangu ilikuwa aliwashe na kuipa kompresa nafasi ya kufanya kazi yake. Kijana ana adabu. Aliitikia, "Nimeelewa, mjomba," wala hakuuliza swali.

Wiki tatu baadaye ndipo ulaini ulipotoweka. Gari lilianza kugonga nyuma. Ukikanyaga kokoto, uti wa mgongo uliuhisi ukubwa wake na karibu ujue ilitoka machimbo gani. Baada ya mkasa wa mbaazi sikungoja hata Jumatatu ipambazuke vizuri, nikalipeleka kwa fundi mmoja wa Shimanzi, mtu wa makamo asiyependa maneno, ambaye aliniuliza swali moja kabla ya kuligusa gari: "Mzee, linanesa au linagonga?"

Lilikuwa swali la maana sana, na sasa ndipo ninapolijua thamani yake. Gari linalonesa, yaani likivuka tuta linaendelea kupanda na kushuka mara tatu au nne kabla ya kutulia, shoki zake zimechoka. Linalogonga kila kijiwe, kavu, bila kunesa, lina kitu kigumu mahali palipostahili kuwa na kitu laini. Linalolia kwa pembe moja tu, hasa wakati wa kukata kona, bushi zake, yaani raba za kwenye maungio, zimekwisha. Mimi, kwa kuwa sikupenda fundi anione mtu asiyejua gari lake, nilijibu kwa uso mkavu, "Linafanya yote mawili." Halikuwa likinesa hata kidogo. Jibu hilo liligharimu shilingi 36,000, ambayo ndiyo bei niliyolipia shoki mbili za nyuma, kwani shoki hubadilishwa jozi. Nilitoka gerejini nikiwa nimejaa matumaini, nikavuka tuta la kwanza, na meno yangu yakagongana kwa sauti iliyomfanya mwenye mkokoteni aliyekuwa kando yangu ageuke.

Nikarudi. Fundi akachomeka mashine ya kusoma makosa, nayo ikamtaja mhusika: sensa ya nyuma kulia. Tulipoichungulia tulikuta plagi yake imeota kutu ya kijani, jambo lisilomshangaza mtu yeyote wa Mombasa, kwa sababu hewa yetu ya chumvi haisamehi shaba. Akaisafisha, akaikausha, akaipaka grisi, na kosa likafutika. Gari likaendelea kugonga.

Hapo akafanya jambo lililonipendeza kwa ustadi wake. Alichukua futi ya fundi cherehani, akapima kila pembe kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, akaandika hesabu hizo kwa chaki sakafuni. Hofu yake ilikuwa kwamba mfuko umeishiwa hewa hata gari linapotembea, na kwamba linakalia vile vipande vya mpira vya kuzuia chuma kisigonge chuma. Nyuma kulia na nyuma kushoto zilitofautiana kwa milimita tatu. Gari lilikuwa limesimama sawasawa kabisa. Akanieleza kwamba kipimo hupigwa kutoka katikati ya gurudumu, wala si kutoka ardhini, ili hali ya tairi isije ikaharibu hesabu. Nilitikisa kichwa kwa kukubali. Tulisimama pale wanaume wawili wazima, tumepata njia ya kupima kila kitu isipokuwa tairi, na tukaisifu.

Kilichobaki kilikuwa maji ya sabuni. Aliyapuliza kwa chupa kwenye mfuko wa kulia, nami nikapiga magoti na tochi. Kwa dakika nzima hapakuonekana kitu. Kisha, kwenye mkunjo wa chini ambapo mpira hujikunja na kujikunjua kila gari linapotikisika, likatokea povu jembamba, vijipovu vidogo vyeupe vikizaana polepole, kama vile vya mdomoni mwa kaa. Nilipiga ukelele wa furaha. Ndipo lilipo! Fundi hakufurahi sana. Alisema uvujaji ule unaeleza kwa nini gari linalala, ila hauelezi kwa nini linagonga. Sikumsikiliza. Nilikuwa nimekwisha kutuma pesa za baluni jipya.

Gari likapandishwa juu ya jeki, na msaidizi wa fundi, kijana mwembamba, akafungua gurudumu la nyuma kulia. Likamponyoka. Magurudumu ya gari hilo ni mazito, na nilitazamia lianguke lilale kama gunia. Badala yake lilidunda. Lilidunda mara ya kwanza likafika magotini, likateremka mwinamo wa gereji, likagonga ukingo wa saruji na kuruka hadi kiunoni, likapita katikati ya muuza kahawa na dele lake bila kumgusa yeye wala dele, likavuka barabara kwa mruko mmoja na kuupiga ukuta wa ghala lililokuwa ng'ambo kwa mlio wa chapuo. Muuza kahawa hakuinuka. Alilitazama, akamalizia kumimina kikombe alichokuwa akikimimina.

Fundi alisimama muda mrefu akiutazama ule ukuta. "Gurudumu la gari zito haliruki namna ile," alisema. "Leteni geji."

Geji ilisoma pauni 62. La kushoto lilisoma 60. Kibandiko kilicho kwenye fremu ya mlango wa dereva, ambacho nimekipita kila siku tangu ninunue gari, kinataka zisizofika 45.

Nilimpigia simu mpwa wangu nikimwuliza kama anajua lolote kuhusu tairi za nyuma. Alijibu kwa utulivu wa mtu aliyetimiza wajibu: "Mjomba, si uliniambia likilala nilitie upepo? Kijana wa pancha yuko mkabala na lango, mpira wa kompresa yake unafika. Mimi naliwasha injini ipate moto, yeye anatia." Nikamwuliza kama ni kila siku. "Si kila siku. Jumapili hafungui." Nikamwuliza kama huyo kijana hapimi. Akasema geji yake iliharibika tangu mwezi wa Ramadhani, hupima kwa kupiga teke. Kisha akaongeza maneno yaliyonifanya nikae chini juu ya debe la oili, "Na inafanya kazi, mjomba! Akitia tu kidogo, gari linapanda lenyewe."

Ilinibidi nikubali kwamba kwa macho yao ushahidi ulikuwa kamili. Injini inawaka, kompresa ya gari inajaza mabaluni, gari linainuka. Na wakati huohuo kijana wa pancha ameinama nyuma na mpira wake, akiamini kwamba ni yeye anayeliinua.

Baluni jipya lilifungwa, na fundi akatoa upepo wa ziada katika tairi zote mbili, mwenyewe amechuchumaa, ukilia sss kwa muda usiokwisha huku msaidizi akicheka kisirisiri nyuma ya pipa. Baluni na ufundi vilifika shilingi 22,000. "Hii ya kutoa upepo," alisema akifunga kifuniko cha vali, "sikutozi."

Sasa maagizo ya gari yameandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa juu ya dashibodi, na neno upepo halimo. Mpwa wangu anadai shilingi mia saba alizomlipa kijana wa pancha kutoka mfukoni mwake, na nimeahidi kumrudishia mwisho wa mwezi. Ijumaa iliyopita mkwe wangu alikubali kupanda tena. Nililishusha gari kwa kitufe, akapanda, akaiweka hotipoti mapajani, na nilipotazama kioo nikaona ameifunga kwa leso, mafundo matatu.

"Endesha, mwanangu," alisema. "Polepole."