Simba kala samaki, mambo yakaisha?

Wapwa zangu wanne, likizo hii huku Wete, walijibanza mbele ya televisheni kutazama Madagascar. Katuni yenyewe ni ya mwaka 2005, imewazidi umri wote, lakini vicheko vyao vilifika mpaka uwani. Nikaona bora na mimi nikae.

Hadithi mnaijua. Simba, punda milia, twiga na kiboko wa bustani ya wanyama ya New York wanapakiwa melini kupelekwa Kenya, masanduku yao yanaanguka baharini, maji yanawatupa Madagascar. Huko wanakuta lemuri, jamaa wa mbali wa komba wetu hawa wanaotulilia usiku, na mfalme wao apendaye ngoma kuliko utawala. (Wa sampuli yake nawajua kadhaa, tuyaache.)

Kilichonishika mimi ni njaa. Alex, simba aliyezoea kuletewa nyama imeshakatwa, sasa akimtazama rafiki yake Marty, yule punda milia, anaona mnofu. Anafika hadi kumng'ata makalio! Watoto walicheka, mimi nilisema kimoyomoyo, hawa wametunga kweli. Urafiki ule wa bustanini ulisimama kwa sababu kuna mtu alikuwa akichinja mbali na macho yao.

Kwetu Pemba jambo hili si la katuni. Miaka ya 1970 kima punju, ambao asili yao ni Unguja tu, walikamatwa wakavushwa bahari hadi msitu wa Ngezi. Nia ilikuwa njema, wasije wakatoweka. Lakini mnyama aliyeshushwa ugenini halikwepi swali la tumbo: jani lipi hapa linalika? Wenzao wa mashamba ya kando ya msitu wa Jozani, kule Unguja, hula hata makaa, ili sumu ya majani ya miembe na mikungu isiwadhuru. Ujuzi kama huo haupakiwi sandukuni. Ngezi hawakupata kuwa wengi.

Ndiyo maana nilipenda pale Alex anapojitenga, anakwenda kujifungia upande wa fosa, wanyama wala nyama wa kisiwa kile, kwa kuogopa meno yake mwenyewe. Nilitaka wamwache pale kidogo. Wapi! Pengwini wa bustani ile ile wanamlisha samaki mbichi, anaona mtamu kuliko nyama, ngoma inaendelea. Punda milia kapewa jina, ucheshi na marafiki. Samaki hakupewa hata mdomo wa kusema "jamani".

Mpwa wangu wa mwisho, mtoto wa mvuvi, akanigeukia: "Mjomba, kwani samaki hana rafiki?"

Dada yake akamwambia anyamaze. Mimi nilikuwa bado natafuta jibu mama yao alipoita kutoka jikoni kwamba changu wameiva. Yule yule muulizaji ndiye aliyekuwa wa kwanza mkekani, na alikula vipande viwili.