Hatua Mia Tatu na Sitini

Jamani, mwenzenu nina miaka 43, na mpaka mwezi jana nilikuwa nahesabu kabisa kwamba mimi bado ni kijana. Hesabu hiyo ilivurugika kwenye chumba cha kupimia presha. Nesi mmoja, binti mdogo tu, alinitazama kuanzia kichwani kushuka chini, akasita kidogo alipofika kwenye kitambi, halafu akasema kwa heshima zote: "Shikamoo mzee. Karibu ukae."

Mzee! Nikageuka kumtafuta huyo mzee aliyeko nyuma yangu. Nyuma yangu kulikuwa na ukuta.

Na mjue sikwenda pale kwa hiari yangu. Kazini walitaka karatasi ya afya, na karatasi ya afya haipatikani mpaka afya yenyewe ionekane. Siku hiyo nilikuwa nimechelewa, nimepanda ngazi mbili mbili, mkojo umenibana, na simu iko sikioni, bosi ananiuliza ripoti iko wapi wakati ripoti anayo yeye tangu juzi. Nikaketi nahema kama mbwa wa kuwinda. Nesi akanifunga ule mkanda mkononi, akaujaza upepo, ukabana mpaka vidole vikafa ganzi, kisha ukaanza kuachia taratibu, fssss. Akaitazama mashine. Akanitazama mimi. Akaitazama tena mashine.

"Juu 152, chini 96."

Mimi nikatabasamu. Tangu nizaliwe sijawahi kupata alama nyingi namna hiyo. Kumbe kwenye presha mwenye kidogo ndiye mshindi, na ukizoea kufika 140 kwa 90, jina lako linahamishiwa kwenye daftari jingine.

"Mzee, umekimbia?"

"Kidogo."

"Umebanwa na haja?"

"Sana."

"Na hiyo simu?"

"Bosi."

Binti wa watu akanielekeza chooni. Niliporudi akanikalisha dakika 5: mgongo umeegemea kiti, miguu yote chini bila kukunja nne, mkono juu ya meza usawa wa moyo, na marufuku kuongea. Jamani, dakika 5 nzima nimekaa kitini, hakuna anayeniuliza kitu, hakuna anayeniomba kitu, na nikiulizwa mbona sifanyi kitu nina kibali cha hospitali! Sijapata raha ile tangu nioe. Nilitaka kuuliza kama wana huduma hiyo kwa wagonjwa wa kulazwa. Akapima tena: 138 kwa 88. Akasema imeshuka, lakini nisishangilie, nikamwone daktari.

Daktari naye ni mtu mwenye roho nzuri, ila nadhani hana saa ukutani. Alinisomea mahitaji ya mwili wangu kama mtu anayesoma orodha ya mahari. Mazoezi ya kutoa jasho, angalau dakika 150 kwa wiki, ndivyo Shirika la Afya Duniani linavyotaka. Juu ya hizo, mara mbili kwa wiki nifanye mazoezi ya kukaza misuli. Usingizi usipungue saa 7. Chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, na humo ndani imo ile ambayo wengine wameshaiweka kwenye chakula kabla hakijanifikia. Nisikae kwa muda mrefu. Mwisho akavua miwani, akaniangalia kwa huruma, akasema: "Na upunguze mawazo."

Nilikuwa nimeingia kwake na mawazo kumi na moja. Nikatoka na kumi na saba.

Afya ni mtaji, wanasema. Sawa, nakubali. Lakini kaa na mimi tuupigie hesabu mtaji huo. Siku ina saa 24. Toa 7 za kulala, zinabaki 17. Toa 9 za kazi, pamoja na ile saa ya mapumziko ambayo siijui inavyofanana. Zinabaki 8. Toa 3 za kwenda na kurudi, zinabaki 5. Humo ndani uoge, uvae, ule, umsaidie mtoto hesabu za sehemu ambazo wewe mwenyewe ziliwahi kukuliza, utafute soksi ya pili, umsikilize mke wako, halafu umsikilize tena kwa sababu mara ya kwanza aligundua husikilizi. Nikikata vyote hivyo nabakiwa na dakika 40. Na hizo dakika 40, nasema ukweli, ndizo ninazozitumia kukaa chooni kwa amani. Sasa daktari anataka nimpe zipi?

Eti kuna watu wanaamka saa kumi alfajiri kukimbia. Nawafahamu, wako wawili pale kazini. Wanafika wananukia sabuni, wameng'aa, wanakuuliza, "Vipi, leo umekimbia?" Nimekimbia ndiyo. Nimekimbilia gari, nikalikosa.

Basi nikajitutumua, nikajiunga na jimu. Nililipia miezi mitatu kwa mkupuo, kwa akili kwamba uchungu wa pesa utanivuta niende. Uchungu wa pesa ninao mpaka leo, kwenda ndiko sikwendi. Siku ya kwanza nilipewa mwalimu, kijana ana misuli mpaka kwenye masikio. Akanipandisha kwenye mashine ya kukimbilia. Nikakimbia dakika 12, nikachungulia pembeni: niko palepale, mkabala na ndoo ileile ya kudekia. Nikasema moyoni, aliyebuni kitu hiki alikuwa na kisasi na mtu.

Nikaja kusoma, na kumbe sikukosea sana. Mwaka 1818 mhandisi mmoja Mwingereza, William Cubitt, alibuni gurudumu kubwa lenye vidato kwa ajili ya magereza. Wafungwa walipangwa juu yake wakawa wanapanda, gurudumu linazunguka, wanapanda, linazunguka, kutwa nzima hawafiki popote. Baadaye hukohuko Uingereza wakaona adhabu ile imezidi, wakaifuta. Wale walikuwa wezi, waliingizwa humo na hakimu. Mimi nimeingia mwenyewe na risiti nimepewa.

Tukahamia kwenye skwoti. Wewe ambaye hujui skwoti, ni kuchuchumaa na kuinuka, kuchuchumaa na kuinuka, kama mtu aliyeangusha sarafu halafu anaona aibu kuiokota. Nikapiga 60. Nilitoka pale najiona shujaa, nikatembea mtaani kifua mbele, hata salamu nikawa naitikia kwa sauti nzito. Usiku nikalala vizuri. Nikajisemea, kumbe mazoezi ni uoga wa watu tu.

Kesho yake asubuhi nikaenda chooni.

Kushuka sikushuka, nilidondoka. Mapaja yalikataa katikati ya safari, nikatua kwa kishindo mpaka mke wangu akauliza kulikoni huko. Hilo dogo. Kasheshe ilikuwa kuinuka. Nikashika bomba, bomba likalia. Nikashika mlango, mlango ukafunguka, nikabaki nimening'inia kwenye kitasa kama koti. Mwanangu wa miaka minne akaja akasimama mbele yangu, akanitazama kwa makini, akapaza sauti: "Mama, baba amekwama!" Nikampigia mwalimu. Akacheka, akasema maumivu hayo ni ya kawaida kwa misuli isiyozoea, huwa yanakuja siku moja baadaye na yanaweza kufika siku ya tatu. Nikamwuliza mbona hukuniambia jana. Akasema, "Ningekuambia ungefika 60?"

Jimu tukaagana hapo.

Nikajaribu mazoezi ya nyumbani, kwenye simu, yule dada anayetabasamu huku anakunja mwili kama kamba. Sitaki kulizungumza sana. Nililala kifudifudi nipige pushapu, ya kwanza ikapanda, mtoto akanikalia mgongoni na kusema twende. Pushapu ya pili haijapigwa mpaka leo.

Kilichoniokoa, au tuseme kilichonitia wazimu, ni kutembea. Kutembea hakuna mwalimu na hakuna mavazi ya kubana. Nikaweka kwenye simu programu ya kuhesabu hatua, ikaniambia lengo ni hatua 10,000 kwa siku. Nikaiheshimu ile namba. Nilijua wamekaa madaktari wenye mvi, wamepima mioyo ya watu, wakabishana usiku kucha, wakakubaliana: elfu kumi. Wapi! Ilitoka Japani mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya Olimpiki ya Tokyo, kampuni ilipotoa kifaa cha kufunga kiunoni na kukiita manpo-kei, yaani kipimo cha hatua elfu kumi. Lilikuwa jina la bidhaa. Namba imekaa vizuri, inatamkika, ikauza. Wataalamu walipokuja kupima baadaye wakakuta faida inaanza kuonekana mapema kabla ya kufika huko.

Mtu mwenye akili angesikia hivyo akashusha lengo. Mimi nilishachelewa. Simu ilikuwa imeshaanza kunipongeza, na mimi ni mtu mzima nisiyepongezwa na mtu. Kazini hawanipongezi, nyumbani nikiosha vyombo naulizwa mbona sufuria bado. Sasa kifaa kinanitetemekea mfukoni na kunirushia maua kwenye kioo kwa sababu tu nimetembea! Nikilikosa lengo, nalala nimevunjika moyo. Nimefikia hatua ya kujitolea kupeleka makaratasi ofisi ya mwisho ya korido, watu wanadhani nagombea cheo.

Na kuna kisa kingine kilichonitisha. Mwaka 1953 daktari mmoja wa Uingereza, Jerry Morris, na wenzake walitoa matokeo yao kuhusu wafanyakazi wa mabasi ya London, yale ya ghorofa. Dereva amekaa kutwa nzima. Kondakta anapanda na kushuka ngazi, anapanda na kushuka, akidai nauli. Basi ni lilelile, hewa ni ileile, lakini ugonjwa wa moyo uliwaandama zaidi madereva. Nikajiangalia. Mimi mwenzenu ni dereva wa meza. Kutoka asubuhi mpaka jioni nimeshika usukani wa kompyuta, na hata abiria sina. Tangu siku ile nikaachana na lifti. Ofisi yetu iko ghorofa ya tano.

Juzi asubuhi nikapanda zote tano kwa mguu. Ghorofa ya tatu niliaga dunia kidogo, nikarudi. Nimefika juu, shati limeshika mgongoni, naweka mkono mfukoni nione maua yangu. Mfuko mtupu. Simu nimeisahau kwa mlinzi kule chini, nilipokuwa nasaini daftari.

Niambieni nyinyi, hatua ambazo hazikuhesabiwa zinaenda wapi? Moyo umezipokea? Mapaja yanajua, maana yalikuwa yanatetemeka, lakini ushahidi sina. Nikashuka kwa lifti, nikachukua simu, nikasimama pale mapokezi nikajishauri. Halafu nikapanda tena. Dada wa mapokezi akaniuliza, "Bosi, lifti mbovu?" Nikamjibu siyo lifti, ni mimi. Nilipofika juu kikao kilikuwa kimeanza, na bosi alikuwa anaulizia ripoti.

Sasa usiku huo. Watoto wamelala, taa imezimwa, niko kitandani natafuta hizo saa 7 za daktari. Nikachungulia simu kwa chati. Saa 5:47 usiku, hatua 9,640. Imebaki dakika 13 siku ife, na nimepungukiwa hatua 360. Mtu anaweza kulala hapo? Nikanyanyuka polepole, simu mkononi, nikaanza. Kutoka kitandani mpaka mlangoni ni hatua 5. Kutoka mlangoni mpaka kabatini ni 4, ukizifanya ndogo ni 6, kwa hiyo nikawa nazifanya ndogo. Nazunguka gizani na kaptula, natembea kwa ncha za vidole, nikajigonga kwenye ukingo wa kitanda, kile kidole cha mwisho, nikameza ukelele, nikaendelea.

Taa ikawaka.

"Baba Zuu, unatafuta nini usiku huu?"

Nikakosa uongo wa haraka. "Hatua."

"Hatua?"

"Mia tatu na sitini. Sasa zimebaki mia na kumi."

Akanitazama kwa muda. Mke wangu ni mtu wa subira, lakini saa hizo subira nayo huwa imelala.

"Ulizipotezea wapi?"

"Kazini. Kwenye ngazi."

Akavuta shuka, akageukia ukutani. "Basi kesho kaziulizie mapokezi. Zima taa."