Bogart hakupewa Oscar kwa sababu ya Liemba jamani

Wapenzi wa muvi za zamani hapa Kigoma tuna shida moja, ikitajwa tu The African Queen basi mjadala wa uigizaji unafia hapohapo, kila mtu anageuka wakili wa Liemba, ile meli kongwe ya Ziwa Tanganyika. Juzi kijiweni Mwanga tunabishana Oscar ya 1952 ya mwigizaji bora wa kiume, Humphrey Bogart na muvi hiyo alimshinda Marlon Brando kihalali au alibebwa, jamaa mmoja akajibu bila hata aibu "halali, si ilikuwa meli yetu". Meli yetu! Kwani iliigiza meli?

Tuwekane sawa kwanza. Liemba ndio ileile Graf von Götzen ya Wajerumani, ilitengenezwa Papenburg ikafunguliwa vipande, ikaletwa Dar kisha ikapandishwa treni mpaka huku, wakaiunganisha na ikaingia majini 1915. Julai 1916 Wajerumani wakaizamisha wenyewe walipoona mambo yamekuwa magumu, na injini wakazipaka grisi kabisa eti watarudi, ila walioiibua 1924 ni Waingereza. Stori ya muvi ilipata mawazo kutoka kwenye ile vita ya ziwa letu, hiyo ni kweli, lakini manowari ya kwenye muvi inaitwa Louisa na picha za Afrika zilichukuliwa Uganda na Kongo. Kigoma haimo. Na ile steringi kutengeneza torpido za kienyeji ndani ya boti mbovu ni ya muvi, msiende kumsimulia mtalii pale bandarini kama historia.

Sasa turudi kwenye hoja. Mimi nasema Bogart alistahili.

Najua timu Brando wana pointi, tena nzito. A Streetcar Named Desire, muvi ya Brando mwaka huo, ilikuwa na waigizaji wanne kwenye listi ya wanaowania, Vivien Leigh akachukua, Karl Malden akachukua, Kim Hunter akachukua, Brando peke yake ndio akatoka mikono mitupu, yaani ukoo mzima umekula pilau yeye kaambiwa sufuria limeisha. Inauma. Halafu wanaongeza kwamba Bogart alilipwa deni la Casablanca, maana ile aliingia kwenye listi akapigwa na Paul Lukas, jina ambalo leo ukilitaja kijiweni hakuna anayeshtuka.

Ila mimi mtu akiniletea habari za deni namwambia nenda kaangalie ile sini ya ruba. Bogart yuko ndani ya maji anaikokota boti kwa kamba katikati ya matete, akipanda juu mwili umejaa ruba, Rose (ndio Katharine Hepburn) anamwagia chumvi, na jamaa anatetemeka kwa kinyaa mpaka wewe uliyekaa kwenye kochi unaanza kujikuna, na sie tunaoyajua mabwawa ya Malagarasi ndio usiseme. Halafu boti bado imekwama. Lazima arudi kulekule. Hakuna hotuba, anayatazama tu yale maji, uso umeshuka, anaingia. Huyu ni mtu aliyezoeleka kwa suti, kofia na sigara, mbabe wa mjini, hapa kawa mlevi mchafu anaiga sauti ya kiboko kumchekesha mwanamke, na unamwamini. Brando alikuwa moto sikatai, ila Stanley, mhusika wake wa Streetcar, alishamcheza jukwaani Broadway tangu 1947, lile koti alikuwa ameshalivaa likamkaa mwilini.

Mkitaka deni lililolipwa kweli njooni 1993. Al Pacino aliingia kwenye listi miaka na miaka bila kitu, Godfather ya pili wakampa Art Carney (aliyecheza mzee na paka wake), ikafika Scent of a Woman ndio wakaona aibu wakampa. Bahati mbaya mwaka huohuo yupo Denzel Washington na muvi yake ya Malcolm X, na pale sina lugha nyingine, Denzel aliporwa. Pacino kwenye ile muvi anapiga kelele sana, samahanini mashabiki. Na Denzel naye ikabidi asubiri mpaka 2002 na Training Day ndio apate ya steringi, wakati kwangu mimi Training Day haifiki hata nusu ya Malcolm X.

Anayesahaulika kwenye huu ubishi wote ni Katharine Hepburn, muvi karibu nzima wapo wawili tu kwenye boti, na kule Kongo aliumwa tumbo vibaya. Usiku ule akatoka bure, lakini alipigwa na Leigh na kwa Leigh sibishi. Hata hivyo usimwonee huruma, alikuja kufikisha Oscar nne. Na Brando naye 1955 alichukua yake kwa On the Waterfront, na mmoja wa aliowapiga siku hiyo ni Bogart huyohuyo, na The Caine Mutiny yake. Sasa timu Brando mnamdai nani tena?